Bastola inakwamishwa na kiwambo, au na risasi za kujaza mwenyewe?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mtu wa Lindi, nafanya kazi Johannesburg mwaka wa sita sasa, na huko nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha. Nina bastola ya milimita 9 yenye leseni, ya aina ambayo mtutu wake huinama inapojikoki. Miezi mitatu iliyopita niliifungia kiwambo cha kuzuia sauti kwa ajili ya mashindano ya ndani ya klabu yanayoruhusu kifaa hicho, na wakati huo huo nikaanza kujaza risasi zangu mwenyewe, zenye kichwa cha greni 147 na mwendo wa wastani wa mita 262 kwa sekunde. Tangu hapo sijapata raha. Katika risasi 150 za mashindano ya mwisho bastola ilikwama mara 11: mara 7 ganda tupu lilisimama wima dirishani, pale maganda yanapotokea, na mara 4 slaidi, yaani sehemu ya juu inayoteleza nyuma na mbele, haikufunga, ilibaki wazi kama milimita 3. Nilitoa springi ya ratili 17 nikaweka ya ratili 11, ikawa afadhali kwa siku moja, halafu mambo yakarudi pale pale. Naipaka mafuta ya nazi ninayotoka nayo nyumbani. Wenzangu wananiambia niongeze baruti. Je, niongeze? Na je, naweza kuja na mashine yangu ya kujazia risasi nikiwa likizo Lindi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Baruti usiongeze, na mashine iache huko huko. Sababu za majibu hayo mawili ni tofauti, na hilo la mashine nitalifikia mwishoni kwa sababu ni fupi.

Nimekushukuru kwa jambo moja kabla ya yote, nalo ni kwamba umehesabu. Katika miaka 14 niliyokaa kwenye karakana ya kutengeneza bunduki huko huko Afrika Kusini kabla ya kurudi Mikindani, watu wengi walikuwa wakiniwekea bastola mezani na kusema tu kwamba “inakwama”, kama vile mtu anavyomwambia daktari kuwa “anaumwa”. Wewe umesema mara 7 hivi na mara 4 vile, na katika hesabu hiyo ndimo jibu lilimojificha, kwa kuwa unayoyaona si maradhi mamoja bali ni mawili, yaliyoingia nyumba moja siku moja kwa sababu ulibadilisha vitu viwili kwa pamoja. Dawa uliyoitumia, yaani springi laini, hutuliza la kwanza na kulichochea la pili.

Tuanze na zile mara 7. Ganda likisimama dirishani, mara nyingi maana yake ni kwamba slaidi ilirudi nyuma bila nguvu ya kutosha. Ganda halikugonga ejekta, kile kipande kinacholitupa nje, kwa kishindo, likachelewa kutoka, na slaidi iliyokuwa inarudi mbele ikalibana likiwa bado mlangoni. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani aliyeiibia slaidi nguvu zake.

Bastola ya aina yako inafuata mpango alioufikiria John Browning, Mmarekani ambaye bastola yake ya kaliba ya 45 ilipokewa na jeshi la nchi yake mwaka 1911. Risasi inapofyatuka, mtutu na slaidi vimeshikana, na vinarudi nyuma pamoja kwa milimita chache. Kisha sehemu ya nyuma ya mtutu inashuka, mtutu unasimama, na slaidi inaendelea peke yake, ikivuta ganda, ikilitupa, ikibana springi na kukoki. Slaidi haina injini nyingine. Chote ilichonacho ni ule msukumo iliogawana na mtutu katika zile milimita chache za mwanzo, na kama msukumo huo uligawanywa kwa uzito mkubwa zaidi, mwendo unakuwa mdogo zaidi.

Kila aliyewahi kusukuma ngalawa majini hapa Mikindani maji yakiwa yamekupwa anaijua hesabu hii bila kuisoma darasani: mabega yale yale manne yakisukuma chombo kitupu, chombo kinateleza, yakisukuma chombo kilichopakiwa, kinajikokota. Sasa tuiandike kwa tarakimu, tukichukulia kwamba slaidi yako ina gramu 380, mtutu gramu 120, na kiwambo gramu 270, ambavyo ni vipimo vya kawaida kwa bastola ya ukubwa huo. Bila kiwambo, msukumo unagawanywa kwa gramu 500. Kiwambo kikishikamana na mtutu kama kitu kimoja, unagawanywa kwa gramu 770, na mwendo wa slaidi unashuka hadi asilimia 65 ya ule wa awali. Lakini kazi ambayo slaidi inaweza kuifanya haiendi kwa mwendo wenyewe, inaendana na mraba wa mwendo. Kwa hiyo kinachobaki ni asilimia 42. Gesi inayobaki ndani ya kiwambo hurudisha kiasi fulani kwa kusukuma nyuma, ila haifidii pengo lote hilo. Zaidi ya hapo, uzito ulioning'inia mbele unaielemea ncha ya mtutu na kuinyanyua sehemu ya nyuma, ilhali sehemu hiyo inatakiwa ishuke ili slaidi iachiwe.

Watengenezaji wa viwambo wanalijua tatizo hili tangu zamani, na ndiyo maana kiwambo cha bastola ya mtutu unaoinama huwekewa ndani pistoni na springi, kifaa ambacho mafundi wanakiita kifaa cha Nielsen au busta. Kazi yake si kuongeza nguvu kwa muujiza, kama jina hilo la pili linavyowadanganya watu. Fikiria mashua inayovuta mtumbwi kwa kamba. Kamba ikiwa imelegea, mashua inaondoka kama vile haina mzigo, na inapofika kamba kukazika tayari imeshapata mwendo. Ndivyo ilivyo hapa: pistoni imefungwa kwenye mtutu, kiwambo kimekaa juu ya springi, na katika zile milimita chache za mwanzo mtutu unarudi nyuma huku kiwambo kikibaki karibu pale pale kilipokuwa, kikisukumwa mbele kidogo na gesi yenyewe. Uzito upo, lakini slaidi haiuoni mpaka kazi yake muhimu imekwisha.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa risasi hata moja, fanya hivi. Toa magazini, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, ni tupu, kisha shika bastola kwa mkono mmoja na uvute kiwambo mbele kwa mkono mwingine. Kinatakiwa kitoke kwa milimita kadhaa huku kikipambana na springi, na ukikiachia kirudi chenyewe bila kusitasita. Kikigoma kabisa, sababu ni moja kati ya mbili. Ama pistoni imegandamana kwa masizi, jambo ambalo baada ya miezi mitatu bila kufunguliwa halinishangazi. Ama ndani yake ipo bangili ngumu inayochukua nafasi ya springi. Bangili hiyo huuzwa pamoja na viwambo vingi kwa ajili ya silaha za mtutu usiosogea, na hapo ndipo mahali pake, kwa kuwa kwenye mtutu usiosogea pistoni ingekuwa inajigonga bure. Nimewaona wanaume watu wazima, wenye elimu zao, waliofunga bangili hiyo kwenye bastola ya kuinama kwa sababu tu ilikuwa juu kwenye boksi.

Busta ikiwa nzima, isafishe, iwekee grisi kidogo, na utakuwa umerudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyopotea. Ila haitakuwa yote, kwa sababu ipo nyingine uliyoipoteza kwa mkono wako mwenyewe, na hapa tunaingia kwenye risasi.

Kichwa cha greni 147 ni sawa na gramu 9.5. Risasi za kiwandani za uzito huo kwa kawaida hutembea karibu mita 300 kwa sekunde. Zako zinatembea 262. Naelewa ulichokitafuta. Katika mashindano ya IPSC, chama cha kimataifa cha kulenga shabaha kilichoanzishwa mwaka 1976 kule Columbia, Missouri, kiwango cha chini cha nguvu ni 125, ambacho hupatikana kwa kuzidisha greni za kichwa kwa mwendo wa futi kwa sekunde na kugawa kwa 1,000. Mita 262 ni futi 860, na 860 mara 147 gawa kwa 1,000 ni 126. Umeshona suruali isiyo na nafasi hata ya kukaa. Mwenye kupungua chini ya 125 anaruhusiwa kuendelea kupiga lakini alama zake hazihesabiwi, na wewe una akiba ya pointi moja tu, iliyopimwa, nadhani, mchana wa joto. Baruti nyingi hupoteza mwendo kidogo kwenye baridi, na asubuhi ya mwezi wa sita huko Johannesburg si asubuhi ya Lindi. (Nikumbushe pia kwamba katika madaraja ya IPSC ya Production na Standard kiwambo hakiruhusiwi, kwa hiyo hapo utapiga bila hicho kifaa hata hivyo.)

Mita 262 badala ya 300 ni pungufu ya karibu asilimia 13 ya mwendo, na kwa hesabu ile ile ya mraba, slaidi inapungukiwa na karibu robo ya nguvu. Zidisha pungufu hili na lile la kiwambo kilichogandamana: asilimia 42 ya asilimia 76 ni asilimia 32. Bastola yako imekuwa ikiombwa ifanye kazi yote kwa chini ya theluthi moja ya nguvu iliyoundiwa. Mimi ninachokistaajabu ni zile mara 139 ambazo haikukwama.

Sasa zile mara 4, ambazo kwangu ndizo zinazotia wasiwasi zaidi. Slaidi iliyobaki wazi milimita 3 haikukosa nguvu ya kurudi nyuma. Ilirudi, ikachukua risasi mpya, ikashindwa kuisukuma hadi mwisho wa chemba. Kiwambo kinaweza kuchangia, lakini mshukiwa mkuu ni risasi yenyewe, na nitakueleza ninapomtafuta.

Risasi ya milimita 9 haina ukingo unaojitokeza kwenye kitako. Husimama chembani kwa mdomo wa ganda kugota kwenye ngazi ndogo. Mdomo huo huwa unapanuliwa kidogo wakati wa kujaza ili kichwa kiingie bila kukwanguliwa, na ni lazima ubanwe tena baadaye. Kipimo cha juu kabisa cha mdomo uliobanwa ni milimita 9.65, na ukizidi hapo, hata kwa upana wa unywele, risasi inaingia nusu na kusimama. Halafu kuna jambo ambalo wanaoanza na vichwa vya greni 147 hawaambiwi mapema: kichwa hicho ni kirefu, kitako chake kinazama ndani ya ganda hadi mahali ambapo ukuta wa ganda umeanza kuwa mnene, na hapo ganda linafura kiunoni. Maganda ya chapa mbalimbali hayana ukuta wa unene mmoja, kwa hiyo mtu anayeokota maganda ya kila mtu uwanjani hupata risasi ambazo nyingi ni nzuri na chache zimevimba, na hesabu ya 4 katika 150 inafanana sana na hali hiyo. Mshukiwa wa tatu ni fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, iliyokaa juu kuliko kitako cha ganda. Pitisha kidole, unatakiwa uisikie imezama kidogo.

Kipimo cha haya yote hakihitaji pesa. Fungua bastola, toa mtutu, uelekeze chemba juu, na udondoshe risasi moja moja ndani yake. Risasi nzuri huanguka kwa mlio mfupi, kitako kikawa sawa na ukingo wa mtutu, inazunguka ukiisokota kwa kidole, na ukiupindua mtutu inadondoka kwa uzito wake. Isiyozunguka ina kichwa kinachogusa mifereji ya mtutu, na isiyozama ina mdomo mpana au kiuno kilichofura. Dondosha zote utakazokwenda nazo mashindanoni, si kumi za mfano. Ukikuta kichwa kinagusa mifereji, jibu ni kufupisha risasi, lakini elewa kwamba kukizamisha kichwa kunapunguza nafasi ya baruti na kupandisha mgandamizo, kwa hiyo hufupishi bila kurudi kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti na kuanza tena kutoka kiwango chake cha chini.

Hapa ndipo springi yako ya ratili 11 inapoumbuka. Ratili zinazoandikwa kwenye pakiti ni za springi iliyobanwa hadi mwisho. Slaidi inapokaribia kufunga, springi imeshanyooka na imebakiza sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo, na kwa sehemu hiyo ndiyo inayotakiwa kuisukuma risasi iliyofura iingie. Ulipolainisha springi, slaidi iliyokuwa dhaifu ilipata nafuu ya kurudi nyuma, ukaona afadhali. Lakini risasi ambazo springi ya ratili 17 ilikuwa inazilazimisha kuingia bila wewe kujua, hii ya 11 haiziwezi. Irudishe ya awali. Baadaye, kila kitu kikishakaa sawa, unaweza kushuka kwa ratili mbili au tatu, na kila unaposhuka ujue umekopa upande wa kufunga ili ulipe upande wa kufungua.

Kuhusu mafuta ya nazi, naomba usinichukie, maana najua ni ya nyumbani na pengine mama ndiye aliyeyakamua. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa Mtwara wakati wa kusi tunayakuta yameganda chupani alfajiri, tukayaanika juani ndipo tukayapaka. Kwenye baridi ya Johannesburg unaipaka bastola yako kitu kinachogeuka kuwa mshumaa, tena katika njia ambazo slaidi iliyokwisha kupoteza theluthi mbili ya nguvu inatakiwa ipite. Yafute yote kwa kitambaa na dawa ya kusafishia silaha, kisha tia mafuta mepesi ya silaha, tone moja kila reli. Mafuta ya nazi yabaki kwenye nywele na kwenye samaki.

Ukishafanya hayo, usirudi uwanjani na mabadiliko yote kwa mkupuo, la sivyo utaniandikia barua nyingine kama hii. Piga risasi 50 za kiwandani bila kiwambo, ukiwa na springi ya awali. Zikipita zote, funga kiwambo na upige 50 nyingine za kiwandani. Hapo unampima kiwambo na busta peke yao. Kisha toa kiwambo, upige 50 zako ulizozidondosha chembani moja moja. Mwisho kabisa ndipo uviunganishe viwili. Katika kila hatua weka mara chache risasi moja tu ndani ya magazini na ufyatue: slaidi inatakiwa ibaki wazi nyuma. Isipobaki wazi, na magazini yako ni mazima, ujue bado hairudi hadi mwisho hata kama ganda linatoka, na umebahatika tu. Mpe pia mwenzako mwenye mkono imara apige risasi tano, kwa sababu mkono ukilegea, fremu inarudi pamoja na slaidi na matokeo yanafanana kabisa na ya risasi dhaifu. Kiwambo kinapochosha mkono mwishoni mwa mashindano, hilo hutokea hata kwa wazoefu.

Sasa baruti. Wenzako wamekushauri uongeze kwa sababu kwa bastola yako ya sasa ingeonekana kusaidia: ingeisukuma slaidi ipite juu ya masizi, nazi iliyoganda na pistoni iliyokwama. Ungekuwa umezidisha mgandamizo ili kufidia uchafu. Ukimaliza kusafisha na bado slaidi hairudi vizuri, hapo unayo haki ya kusogea kuelekea mita 280 kwa sekunde, hatua kwa hatua ndogo, ndani ya jedwali la mtengenezaji na bila kulivuka. Kwa mwendo huo utabaki mbali chini ya mwendo wa sauti, ambao ni karibu mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, kwa hiyo kiwambo hakitapoteza faida yake, na kiwango chako kitakuwa karibu 135, penye nafasi ya kupumua. Vizibo vya masikio usivue. Kiwambo cha kweli hakifanyi ule mlio wa kupuliza mshumaa tunaousikia kwenye sinema.

Kuna tahadhari moja ambayo nimeiweka peke yake kwa makusudi. Ukijaza risasi dhaifu kwa mkono, siku moja ganda litapita bila baruti, fataki peke yake itakisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, na utasikia “pu” badala ya mlipuko. Mtu mwenye kiwambo huwa hausikii upesi utofauti huo, kwa kuwa amezoea mlio mdogo, na mashindanoni mkono una haraka ya kukoki na kufyatua tena. Risasi ya pili nyuma ya kichwa kilichokwama hupasua mtutu. Kwa hiyo angalia ndani ya kila ganda kwa taa kabla ya kuweka kichwa, na uwanjani mlio wowote usioeleweka uwe amri ya kusimama, hata kama saa inakimbia. Nilimwona mtu mmoja aliyepuuza; vidole vyake vilibaki vyote, ila kile kiwambo kilifunguka kama ndizi.

Na kuhusu likizo: hapa kwetu umiliki wa silaha na risasi unaongozwa na Sheria ya mwaka 2015, ambayo inataka leseni kwa silaha na kwa risasi, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Leseni yako ya huko haivuki mpaka pamoja nawe. Usipakie mashine, fataki, baruti wala kiwambo kwenye begi, hata kwa nia ya kuonyesha tu. Ukifika Lindi vuka hadi Mikindani, uje na daftari lako la vipimo pamoja na kalipa, nami nitakuwekea samaki. Kama utataka kuniletea ganda moja tupu nilione, hata hilo liache, nipigie picha.